Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Baiskeli Iliyobanduka

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam aleikum. Marehemu baba ameniachia baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, ambayo aliiendesha kwenda kazini tangu mimi nikiwa mtoto. Mwezi wa sita niliamua kuipaka rangi nyekundu mwenyewe nyumbani. Niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaifuta vizuri kwa kitambaa, kisha nikapuliza makopo mawili ya rangi kwa mchana mmoja, na kwa kweli ilipendeza. Hazikupita wiki tatu, rangi ikaanza kubanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, hasa chini ya kiti, na ile nyeusi ya zamani inaonekana ikiwa bado inang'aa. Jirani ananiambia nimeuziwa rangi bandia. Je, ninunue ya bei kubwa zaidi, au nimpelekee fundi wa kupaka magari?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu msomaji, na pole kwa kazi iliyoharibika. Kabla hujamlaumu muuza duka, chukua kimoja kati ya vipande vilivyobanduka, ukigeuze, na ukitazame mgongo wake kwenye mwanga wa jua. Kikiwa na unga wa kahawia, kutu ilikuwa ikila chuma chini ya rangi na kuisukuma nje. Kikiwa kimepasukapasuka kama udongo wa jaruba lililokauka, rangi ya juu na ya chini hazikupatana. Lakini kikiwa laini na kinang'aa kama kioo, rangi haikuwahi kushika kitu chochote tangu siku ya kwanza. Kwa kuwa umesema ile nyeusi bado inang'aa, naamini chako ni cha aina hii ya tatu, na huenda rangi uliyonunua haikuwa na kasoro yoyote.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalitendeka kabla hujatikisa kopo. La kwanza ni mafuta ya taa. Yanaondoa grisi vizuri, na ndiyo maana mafundi huoshea gololi na mnyororo, lakini nayo ni mafuta, na yakikauka huacha utando mwembamba usioonekana kwa macho, ambao rangi hukaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. La pili ni ule mng'ao wenyewe. Rangi nyeusi ya baiskeli za namna hiyo huchomwa kwa joto la tanuri kiwandani, ikawa ngumu na laini mno, haina hata mkwaruzo mdogo wa kushikiwa. Ungeweza kununua rangi ya bei mara tatu na matokeo yangekuwa haya haya.

Sasa usiibandue ile nyeusi. Wengi wakishaona rangi mpya imeshindwa hukwangua fremu nzima hadi chuma kitupu, wakidhani ndiyo njia ya kuanza upya, kumbe wanatupa tabaka bora kuliko lolote watakaloweza kulipaka uani kwao. Inayopaswa kuondoka yote ni nyekundu, kwa kuwa hata sehemu ambazo hazijabanduka zinasubiri zamu yake. Nyeusi ibaki popote iliposhika, na ikwanguliwe tu mahali ilipovimba au penye kutu.

Vua kila kitu kinachovulika: magurudumu, madigadi, krenki, usukani, na uma wa mbele ambao mafundi huuita foko. Gololi zihesabiwe na kuwekwa kwenye kopo lenye mfuniko, kwani ikipotea moja mchangani utakumbuka maneno haya. Osha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, isuuze mara mbili, na uiache ikauke. Kisha shika msasa wa maji namba 120 kwa sehemu zenye kutu na kingo za rangi, umalizie fremu yote kwa namba 240 hadi mng'ao ufe kabisa na nyeusi igeuke kijivu kama ubao wa shule uliofutwa. Sisitizo langu la kutumia msasa wenye maji lina sababu: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani, sembuse kutuama uani wanakochezea watoto. Ukimaliza, fumba macho na upitishe ncha ya kidole mahali nyeusi inapokutana na chuma. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, bado kazi ipo. Kidole kikipita bila kujua mpaka uko wapi, inatosha.

Wakati unasugua, kagua maungio, hasa pale bomba la juu na la chini yanapokutana na kichwa cha fremu. Mstari mwembamba wa kutu unaozunguka bomba unaweza kuwa ufa na si mkwaruzo, na ufa haupakwi rangi, unapelekwa kwa mchomeleaji.

Fremu ikishakauka juani, ifute kwa kitambaa cheupe kilicholowana thina kidogo, na hapo hapo uifute kwa kitambaa kingine kikavu, kwa sababu thina ikiachwa ikauke yenyewe inairudisha grisi pale pale ilipoitoa. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Tangu hapo usiishike kwa mikono mitupu. Tanga ni mji wa bahari, na chuma kilichosuguliwa asubuhi, kikiguswa na kiganja chenye jasho, jioni huwa na alama za vidole zilizochorwa kwa kutu. Kwa hiyo sehemu zote zilizobaki chuma kitupu zipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ile nyekundu ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, na praima nayo isikae wiki nzima bila kufunikwa, maana ina vinyweleo na unyevu hupenya ndani yake.

Kuna mahali ambapo rangi haitakiwi. Ziba kwa teipu ya karatasi au gazeti lililokunjwa tundu la nguzo ya kiti, viti vya gololi kwenye kichwa cha fremu, na nyuzi za bomba fupi linalopitisha ekseli ya krenki. Sehemu ya nyuma inayobanwa na nati za gurudumu iachwe na praima nyembamba tu, kwa sababu rangi nene chini ya nati hubonyea polepole, nati ikalegea, na gurudumu likahama ukiwa njiani. Namba ya fremu, iliyogongwa chini ya krenki au karibu na kiti, isizibwe na puti wala rangi nzito. Siku baiskeli itakapoibiwa, namba hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wako polisi.

Nikija kwenye rangi yenyewe, nitasema jambo ambalo vijana hawalipendi: kwa fremu ya chuma ya baiskeli ya kazi, brashi na rangi ya mafuta ni bora kuliko kopo la kupuliza. Mabomba ya baiskeli ni membamba, na sehemu kubwa ya unachopuliza hupita pembeni ikaenda kupaka ukuta wa jirani. Nusu lita ya rangi ya mafuta ya kung'aa inatosha fremu na foko na nyingine itabaki. Iongezee tapentaini kidogo, kiasi cha vijiko vichache, na usithubutu kutumia thina ya magari, ambayo huilainisha rangi ya chini na kuikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Tumia brashi laini ya inchi moja, anza na maungio na pembe zilizojificha, umalizie kwa mabomba kwa kuvuta brashi kwa mapito marefu ya urefu mmoja. Mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili za rangi, yenye saa 24 kati yake na msasa namba 400 katikati, hushinda mkono mmoja mnene.

Ukishikilia kutumia kopo la kupuliza, basi litikise dakika mbili nzima baada ya kusikia kigololi kikigonga, simama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye fremu, anza kupuliza kabla ya kulifikia bomba na uache baada ya kulipita. Pia soma muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo. Rangi nyingi za namna hiyo zinataka mkono unaofuata upigwe ndani ya saa moja au usubiri siku moja hadi mbili. Katikati ya nyakati hizo ndipo rangi hukunjamana.

Saa ya kupaka ni asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka, chini ya kivuli cha paa na si cha mwembe wenye wadudu na majani. Nyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Mimi mwenyewe nilipata kupuliza foko jioni moja ya mvua za vuli kwa haraka ya kumpa mwenyewe kesho yake, na asubuhi nikaikuta imefunikwa na utando mweupe kama pumzi kwenye kioo, kwa kuwa unyevu wa hewa ulikuwa umenaswa ndani ya rangi. Nilianza upya kwa msasa, na mwenye foko alipanda daladala wiki nzima.

Swali lako la fundi wa magari: anaweza, na rangi yake haitakwaruzika kirahisi. Lakini usimwombe aje kupaka nyumbani kwako kwa zile rangi zinazochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha rangi, kwani nyingi zina kemikali inayodhuru mapafu ambayo kitambaa cha kujifunika pua hakiizuii. Na hata yeye mwambie asiruke msasa.

Mwisho ni kusubiri, nako ndiko kunakowashinda watu wengi. Rangi ya mafuta ikikauka mkononi haijakomaa. Inaendelea kuwa ngumu kwa kuvuta hewa. Iache wiki moja, na kama ni masika wiki mbili, kisha bonyeza ukucha wa dole gumba chini ya krenki. Ukiacha alama, ning'iniza fremu tena.

SWALI: Foko ya baiskeli yangu ni ya kung'aa kama kijiko, lakini imeshikwa na madoa ya kutu. Nataka niipake rangi ya fedha. Je, inafaa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Haifai, ndugu. Rangi haina pa kushika juu ya kromu, na ukiisugua kwa msasa hadi ishike umeiua. Kunja kipande cha foili ya jikoni, kiloweke katika maji, na usugue madoa polepole. Kutu ya juu juu itatoka bila kuchuna kromu. Ikaushe na uipake nta ya magari, urudie kila mwezi kwa kuwa uko kisiwani.

SWALI: Nimesikia kuna rangi ya unga inayochomwa. Je, ninaweza kuichoma fremu yangu ya alumini katika tanuri la mikate la shangazi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwache shangazi aoke mikate yake. Rangi hiyo ya unga hurushwa kwa chaji ya umeme ili ishike chuma, kisha huchomwa kwa nyuzi kama 180 hadi 200 za Selsiasi katika tanuri ambalo halitapikiwa chakula tena. Ni kazi ya karakana. Nyumbani, alumini inapakwa kama nilivyomweleza ndugu yetu wa Tanga, isipokuwa praima: omba dukani ile iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini na mabati, kwa sababu ile nyekundu ya chuma itakubandukia kama rangi yake ilivyombandukia yeye.