Kumfukuza hosteli hakusaidii
Umeuliza kwa nini baadhi ya hosteli za wasio na makazi Uingereza hazimfukuzi haraka mtu anayefoka na kuvunja masharti. Wengi wanaolala mitaani waliumizwa au kutelekezwa tangu utotoni. Ukali wao mara nyingi ni woga. Ukimtoa nje, unamthibitishia kwamba hana wa kumtegemea. Mwaka 2010 wataalamu Robin Johnson na Rex Haigh waliupa mtazamo huu jina, "psychologically informed environments" (mazingira yanayozingatia saikolojia), na 2012 ukatolewa mwongozo wa kitaifa. Lakini jamani, si suala la kuleta mwanasaikolojia tu! Wafanyakazi wa kawaida hufundishwa, kisha hukutana mara kwa mara kutafakari yaliyotokea na namna walivyoyapokea. Kwangu mimi, vikao hivyo ndivyo ningevilinda kwanza bajeti ikipunguzwa.