Mnunuzi wetu wa London amefilisika: tutalipwa kiasi gani?

SWALI: Tunasafirisha parachichi kutoka Murang'a. Kampuni ya London inayonunua mzigo wetu imeingia kwenye ufilisi nasi tunaidai pauni 24,000. Mfilisi, yaani msimamizi wa ufilisi huo, ametutumia fomu ya madai, na tunaona benki inadai pesa nyingi kutuzidi. Tutapata kitu? Tena kuna kontena moja lingali baharini.

JIBU: Anza na kontena, leo hii. Sheria ya Uingereza ya uuzaji wa bidhaa ya 1979 inamruhusu muuzaji ambaye hajalipwa kuzuia mzigo ulio njiani pindi mnunuzi anapofilisika. Iandikie kampuni ya meli kwamba unauzuia, wasimkabidhi mnunuzi. Haki hiyo huisha mnunuzi akishaupokea, au kama hati ya shehena imeshapita kwa mtu mwingine aliyeilipia kwa nia njema. Kontena hilo huenda likakuokolea pesa nyingi kuliko fomu.

Matunda yaliyokwisha pokelewa ni habari nyingine. Hata kama mkataba unasema mali ni yenu hadi mlipwe, yakishauzwa na kuliwa hakuna cha kurudishwa. Kama bado yamo kwenye chumba baridi, mjulishe mfilisi mara moja.

Sasa deni lenyewe. Tuseme benki inadai pauni 450,000, na jengo ililoshikilia kama dhamana mahsusi limeuzwa kwa 300,000. Hizo zote ni za benki, na bado inadai 150,000. Mali nyingine, yaani bidhaa na magari, ziko chini ya dhamana inayoelea, yaani isiyofungwa kwenye mali moja maalumu, nazo zimeleta 180,000. Hapa benki haitangulii. Gharama za ufilisi zinatoka kwanza, tuseme 40,000. Wafanyakazi wanafuata: mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi pauni 800 kwa kila mtu, pamoja na malipo ya likizo, tuseme 12,000. Halafu mamlaka ya kodi, HMRC, ambayo tangu Desemba 2020 inawatangulia watu kama ninyi kwa VAT na kodi iliyokatwa kwenye mishahara; tuseme 58,000. Kodi ya faida ya kampuni haimo. Kwa kodi hiyo ya faida, HMRC inapanga foleni pamoja nanyi.

Zimebaki 70,000. Kabla benki haijazigusa, sheria inatenga fungu la wadai wasio na dhamana, kama ninyi: nusu ya pauni 10,000 za kwanza na asilimia 20 ya zinazozidi. Hiyo ni 5,000 na 12,000, jumla 17,000. Benki inachukua 53,000 zilizosalia, na hairuhusiwi kuingia kwenye fungu hilo kwa deni lake lililobaki. Wadai wa kundi lenu wakiwa na madai ya 340,000 kwa jumla, kila pauni inapata peni 5. Zenu ni 1,200, na gharama za kuligawa fungu zitazipunguza kidogo. Wenye hisa hawapati kitu.

Ni kidogo mno kwa jasho la msimu mzima, lakini fomu ijazeni, kwani kuwasilisha madai hakulipiwi. Ambatanisheni ankara, hati za shehena na taarifa ya akaunti inayofika hadi tarehe ya ufilisi, si siku mnayojaza. Kama mnunuzi alikuwa na haki ya kukata pesa za matunda yaliyooza, zitolewe kwanza, mdai salio. Madai mengi hukwama hapo: kiasi mlichoandika hakilingani na vitabu vya kampuni, na hakuna barua pepe ya kueleza tofauti.

Kabla ya kugawa, mfilisi hutoa notisi ya angalau siku 21 ya mwisho wa kupokea madai. Akikataa yenu, wote au sehemu, ataeleza sababu kwa maandishi, nanyi mna siku 21 za kwenda mahakamani. Mkichelewa kuwasilisha, mgao uliokwisha lipwa hauvunjwi kwa ajili yenu. Mtafidiwa tu kutoka pesa zitakazoingia baadaye, kama zitaingia.