Hakodate kwa saa tano: anza kuhesabu kutoka saa ya kurudi

Nimeshuka Hakodate, bandari ya kaskazini mwa Japani, mara nne, na zote nne sikuwa mgeni wa kulipa. Kazi yangu ni kutandika vitanda na kusafisha vyumba kwenye meli ya kitalii, kwa hiyo miji naiona katikati ya zamu mbili: nikibahatika saa tano, nikikosa bahati tatu. Naandika hasa kwa vijana wa Mombasa na Tanga wanaoingia kazi hizi, lakini hata abiria aliyelipia tiketi yake hanizidi sana. Meli ikifunga kamba asubuhi, mara nyingi jioni imeshaondoka.

Mara ya kwanza nilitaka kuona kila kitu. Nilitoka zamu ya usiku, nikapanda tramu, kiti kikawa na joto zuri, nikasinzia. Sasa, tramu za Hakodate zinafuata njia moja kutoka stesheni hadi kituo kinachoitwa Jujigai, kisha zinaachana: namba 5 inaelekea upande wa chelezo, namba 2 inaishia Yachigashira, upande wa pili wa Mlima Hakodate. Mimi nilikuwa ndani ya namba 2. Dereva ndiye aliyeniamsha, kwa adabu kubwa, behewa tupu. Hapo Yachigashira kuna hamamu ya maji moto ya ardhini, maji yenyewe rangi ya kutu kwa wingi wa chuma. Watu huvua kila kitu, wanaketi kwenye kigoda na kujisugua kwanza, ndipo waingie majini. Nilichungulia, nikageuza. Mwanamadrasa hajifunzi kuvua mbele ya wazee asiowajua kwa siku moja. Nikasubiri tramu ya kurudi, na mji wangu ukaishia hapo.

Tangu siku ile nahesabu kinyumenyume. Pale kwenye ngazi ya meli huwekwa ubao wenye saa ya mwisho ya kupanda. Toa saa nzima kutoka hapo, kwa ajili ya foleni na ukaguzi. Muda uliobaki ukate katikati: ukifika katikati, uso uangalie meli, hata kama bado hujala. Na ufuate saa ya meli, si ya simu, maana meli ikitoka mbali saa hizo mbili zinaweza kutofautiana.

Usiku wa kuamkia bandarini muulize mtu wa sitaha mtafunga gati gani. Kuna gati la Wakamatsu, ambalo liko karibu na stesheni ya treni kiasi kwamba unashuka na kutembea tu. Na kuna lile la Minato-cho, mbali, ambako lazima upande basi kwenda mjini na kurudi. Ukiambiwa Minato-cho, punguza mipango yako nusu. Mabaharia hushuka na kibali chao. Kiweke mfuko wa ndani. Abiria mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anaweza kuhitaji viza ya Japani, na hilo aliulize kabla ya kulipia safari, asingoje kuuliza akiwa baharini.

Halafu simu. Najua, intaneti ya meli ni ghali, na kila nikishuka nakuta wenzangu wamejipanga ukutani stesheni wakitafuta mtandao wa bure. Lakini fanya hesabu: Japani iko mbele ya nyumbani kwa saa sita. Saa tatu asubuhi Hakodate ni saa tisa usiku Mombasa. Utamwamsha mama kwa hofu, adhani umezama. Tembea kwanza. Saa sita mchana ndiyo saa kumi na mbili asubuhi kwao, ameshaswali, chai iko jikoni, mtaongea vizuri.

Sokoni nenda mapema. Soko la asubuhi, Asaichi, liko ubavuni mwa stesheni, wanafungua alfajiri na mchana wengi wanaanza kufunika meza. Hapa mtu wa pwani atajisikia nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja: kaa wakubwa wenye miguu kama mikongojo, pweza, mayai mekundu ya samoni, na uni, yaani nyama ya kile kinyama cha miiba kinachotuchoma miguu mwambani maji yakikupwa. Sisi tunamlaani, wao wanamweka juu ya wali na kumlipia pesa nyingi. Fahari ya mji ni ngisi. Wana hodhi ambalo unamvua mwenyewe kwa ndoana, akishatoka anakurushia maji, na muuzaji anamkatakata nyuzi nyembamba hapo hapo, bado anachezacheza. Bei hubadilika siku kwa siku, na miaka ya karibuni ngisi wamekuwa haba, kwa hiyo uliza kabla ya kushika ndoana. Mimi ngisi nilimzoea wa nazi. Mbichi alinichukua safari mbili kumpenda.

Asiyekula nguruwe ajihadhari na ramen, yaani tambi za mchuzi. Ya Hakodate ni ya chumvi, mchuzi mweupe unaopendeza macho, lakini mara nyingi umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe na juu wanapanga vipande vyake. Bakuli la wali na samaki mbichi lina maswali machache zaidi. Beba noti za yeni 1,000 na sarafu; vibanda vingi sokoni vinataka taslimu, na kwenye tramu noti ya 10,000 haitakusaidia. Tramu unaingia mlango wa nyuma, unachukua kikaratasi chenye namba, unalipa mbele ukishuka. Bakshishi usiitoe, watakukimbilia wakurudishie.

Kutoka sokoni fuata maji kwa miguu, kama robo saa hivi, hadi maghala ya matofali mekundu ya Kanemori. Yenyewe sasa ni maduka ya zawadi, pita tu. Panda mtaa wa Motomachi kwa barabara ya mteremko inayoitwa Hachiman-zaka, kisha geuka. Barabara inashuka imenyooka hadi baharini, utadhani inataka kuingia majini. Nilipoiona mara ya kwanza niliduwaa kwa upana wake, mimi niliyezoea Mji wa Kale ambako mkokoteni ukija unajibana mlangoni kwa watu. Upana huo ulitokana na moto. Nyumba zilikuwa za mbao na pepo za huko ni kali, mji ukaungua mara nyingi, wakaanza kupanua barabara ili ndimi za moto zisiruke. Hata hivyo Machi 1934 ukaungua tena, wakafa zaidi ya watu 2,000.

Juu ya Motomachi kuna kanisa la Waorthodoksi wa Urusi, jengo la 1916, ambalo wenyeji waliliita hekalu la gan-gan kwa mlio wa kengele zake. Hakodate ilikuwa kati ya bandari mbili za kwanza Japani kufungulia meli za Marekani, kwa mkataba wa 1854, na wageni wakaacha makanisa, balozi ndogo na makaburi. Mtu wa bandari hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa mlima. Kila kitabu cha watalii kitakwambia Hakodate ni mandhari yake ya usiku kutoka Mlima Hakodate, mita 334, unapandishwa na kibehewa cha waya kwa dakika chache. Ni kweli, ila usiku huo meli yako itakuwa imeshaondoka. Nimeona abiria wakinunua ziara ya mlimani wakarudi na picha ya ukungu. Ushauri wangu: tazama juu ukiwa Motomachi. Ukikiona kilele, panda hata mchana, kwa sababu mchana ndipo unapoona vizuri jinsi mji ulivyobanwa kiuno, bahari kushoto, bahari kulia. Usipokiona, usitupe pesa.

Goryokaku, ile ngome ya umbo la nyota ambako wafuasi wa mwisho wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, walishindwa mwaka 1869, nimeifika mara moja. Ni tramu, halafu kutembea, halafu mnara wa mita 107 ili uione hiyo nyota. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, miti ya sakura ikichanua, inafaa kuipa safari nzima. Nje ya hapo, kwa saa tano, hapana.

Ninapopeleka wenzangu mimi ni kwenye Mashu Maru. Ni feri ya zamani iliyofungwa kando ya stesheni, sasa ni makumbusho. Feri hizi zilivusha watu na mabehewa ya treni kati ya Hakodate na Aomori tangu 1908 hadi Machi 1988, lilipofunguliwa handaki la chini ya bahari lenye kilomita karibu 54. Septemba 26, 1954, kimbunga kilitulia kwa muda, nahodha wa feri ya Toya Maru akaona kimepita, akang'oa nanga. Walikufa zaidi ya watu 1,100, na feri nyingine nne zikazama usiku uleule. Mimi ni wa Likoni. Katika ajali ya Mtongwe ya 1994 tulipoteza zaidi ya watu 270 kwenye kivuko ambacho kila siku tulikiona cha kawaida, na nyumbani bado hutajwa kwa sauti ya chini. Mle ndani ya Mashu Maru unaruhusiwa kuingia chumba cha nahodha na kushika usukani. Mwenzangu mmoja kutoka Ufilipino aliushika, akanyamaza, akauachia.

Toka sitahani kabla hujaondoka. Meli yenu ikiwa Wakamatsu utaiona kutoka hapo, na ngazi yake, na foleni ikianza kurefuka.