Kabla hujaitoboa sufuria ya kuchemshia kimea

Mnaoanza kupika bia nyumbani hapa Marekani mnaniuliza kama sufuria lazima iwe na koki ya kutolea maji. Si lazima. Ila mpiko wa kawaida ni galoni 5, yaani lita 19, na maji ya kimea (yale matamu yatakayochachuka kuwa bia) ya ujazo huo yana kilo 20 hivi, bado hujahesabu sufuria yenyewe. Nilizinyanyua kilo hizo kwa mikono mara nne, gereji, peke yangu, nikizimimina kwenye ndoo ya kuchachushia. Mara ya nne mvuke ulinibabua mkono kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Wiki iliyofuata nilinunua drili, niitoboe sufuria na kuiwekea koki.

(Wageni kutoka Tanzania huuliza pia kama kupika bia nyumbani ni halali. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu jambo hili mwaka 1978. Kiwango cha serikali kuu ni galoni 100 kwa mwaka kwa kaya ya mtu mzima mmoja, 200 kwa wawili au zaidi, ya kunywa wenyewe, si ya kuuza. Majimbo nayo yana sheria zao, zisome.)

Kosa la kwanza hutokea dukani. Mtu anasikia "fitingi ya nusu inchi", ananunua biti (ncha ya drili) ya nusu inchi. Nusu inchi hapo ni jina tu la bomba. Bomba hilo ukilipima kwa nje ni milimita 21.3. Seti nyingi za koki zisizohitaji kuchomelewa hutaka tundu la inchi 13/16 au 7/8, na hata hizo hazifanani. Pima fitingi uliyoishika mkononi, soma karatasi iliyokuja nayo, ndipo uchague biti.

Kisha mahali pa kutoboa. Anayeanza hutaka tundu liwe chini kabisa ili asibakize hata kikombe. Usifanye hivyo. Pale chini ukuta wa sufuria umepinda, na oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, haikai kwenye mpindo. Panda inchi moja na nusu hadi mbili, mahali ambapo ukuta umenyooka. Kama sufuria yako ina kitako kinene cha tabaka mbili tatu, hakikisha uko juu yake, na nati nayo ina nafasi ya kuzunguka. Machicha ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) yatalala chini ya tundu, jambo ambalo unalitaka, na bomba fupi lililopinda kwa ndani litafuata maji yaliyobaki.

Sasa kutoboa, na hapa naomba usiwe na haraka. Bandika tepu ya karatasi, weka alama, gonga kitone kwa senta panchi (msumari wa chuma wa kutia alama) huku umeegemeza kipande cha mti kwa ndani, vinginevyo utaubonyeza ukuta. Anza na biti ndogo ya milimita 3, halafu biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua. Stenlesi ina tabia yake. Biti ikizunguka kasi bila kukata, chuma kinapata moto na kuwa kigumu zaidi palepale unapotaka kupita. Kwa hiyo mwendo wa polepole, mkono mzito, na tone la mafuta ya kukatia kila baada ya sekunde chache. Biti ikikata vizuri utaona chuma kinatoka kama utepe unaojikunja. Ukiona vumbi na moshi, acha, ipumzishe, ongeza mafuta. Vaa miwani. Glavu vua wakati drili inazunguka, maana biti ikinasa kitambaa inavuta na vidole, kisha zivae tena wakati wa kuokota vipande, vinakata kama wembe. Na kabla hujaanza, weka alama ya kalamu kwenye ngazi unayotakiwa kuishia. Ukizidisha ngazi moja, oringi haina tena pa kukaa, na tundu halirudi nyuma.

Pitisha tupa nusu duara kuzunguka kingo, ndani na nje, mpaka kidole kisikwame popote. Wengi huiruka kazi hii ya dakika tano. Ile ncha ndogo ya chuma iliyoachwa ndiyo inayoichana oringi, na wewe utadhani umeuziwa mpira mbovu.

Kinachozuia maji pale ukutani ni mpira. Nguvu ya spana haizuii kitu, na tepu nyeupe wanayozungushia mafundi bomba haifanyi kazi hapo, hiyo ni ya hesi (mistari ya kusokotea) kati ya koki na nipo, kile kibomba kifupi chenye hesi. Tumia oringi ya silikoni, maana inavumilia joto la kuchemka bila shida. Kaza kwa mkono mpaka igote, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukiendelea, mpira unabanwa na kuchomoza pembeni, na ndipo unapoanza kuvuja.

Hesi nazo zina siri. Kaka yangu ni fundi bomba Mwanza, na alinipa koki nzuri sana nilipokwenda likizo. Nipo yangu ilikuwa ya Marekani. Iliingia, ikazunguka raundi tatu, ikakaza, nikaridhika. Katikati ya kuchemsha nikasikia harufu ya sukari inayoungua. Tone moja moja lilikuwa likidondokea kwenye jiko, kila tone likigeuka doa jeusi juu ya chuma. Kumbe hesi za nusu inchi za kwetu na za Marekani zote zina mistari 14 kwa inchi, ndiyo maana zinakubaliana mwanzoni, lakini pembe ya za kwetu ni digrii 55 na ya za huku ni 60. Tepu haiwezi kuzipatanisha. Nunua koki na nipo za mfumo mmoja.

Ukiweza, chukua koki ya stenlesi inayofunguka vipande vitatu. Ndani yake kuna tufe lenye tundu, na nyuma ya tufe hilo maji ya kimea hujificha. Nilipoifungua ya kwanza baada ya mipiko michache, nilikuta utando wa kahawia unaonuka kama uji uliolala siku tatu. Fungua, sugua, kausha, rudisha.

Jaribu kwa maji matupu kwanza. Jaza sufuria, pangusa koki ikauke, zungushia karatasi ya jikoni, subiri nusu saa. Halafu chemsha maji hayohayo na utazame tena, kwa sababu chuma hutanuka kikipata moto, na kuna viungo vinavyotulia baridini vikavuja motoni. Kama unatumia jiko la gesi, hakikisha ulimi wa moto haupandi hadi kwenye oringi.

Siku ya mpiko wenyewe, dakika 15 kabla ya kuzima jiko, fungua koki kidogo, kinga maji yanayochemka kwenye jagi la chuma, vikombe viwili hivi, uyarudishe sufuriani. Joto hilo linapita ndani ya koki na kuua vijidudu kabla maji hayajapoa. Shika jagi kwa kitambaa kikavu.