Maswali na majibu: Huyu "Mtandao" anayepiga picha zote ni nani?

Mengi ya maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaookota vitu vizuri mtandaoni, iwe majengo, michoro, vikapu au mitambo, na kuvitupia kwenye makundi ya WhatsApp. Walioandika "hii ni kweli?" bila kuambatisha chochote nimewaacha kama walivyo.

Nimepata picha ya jengo kubwa la udongo, kuta zake zimechomoza vijiti kama miiba ya nungunungu. Chini wameandika: hoteli mpya Dubai, picha kwa hisani ya mtandao. Nataka kuwarushia mafundi wenzangu. Ni kweli? — Fundi ujenzi, Uyole

Si hoteli, na Dubai haihusiki. Huo ni Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, uliojengwa mwaka 1907 kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, kisha ukasiribwa kwa udongo. Vijiti unavyoviona ni vya mvumo, na si urembo mtupu: ndiyo jukwaa la mafundi. Mvua hula udongo wa ukutani, kwa hiyo wenyeji wa mji hukusanyika kila mwaka kusiriba upya, na hupanda kwa kukanyaga vijiti hivyo. Yaani aliyebuni jengo alikwisha kufikiria ukarabati kabla ukuta haujasimama. Hilo ndilo la kuwaambia mafundi wenzako, hasa huku kwetu ambako mvua haina huruma na ukuta wa udongo. Ukisema "hoteli Dubai" watasema "waah" na kupita.

Kulijua hili ni kazi ya dakika moja. Kama picha iko kwenye ukurasa wa Chrome, ibonyeze bila kuachia, kisha chagua kutafuta kwa Google Lens. Kama iko kwenye simu, fungua programu ya Google na ubonyeze alama ya kamera. Lakini kwanza kata maandishi yote yaliyobandikwa juu ya picha. Lens husoma maandishi, na ukiyaacha itakupeleka kwa waongo walewale walioyaandika. Ikikuletea majibu mengi yanayogongana, nenda TinEye, tovuti ya kutafuta picha ilikotoka, pandisha picha, na upange majibu kuanzia la zamani zaidi. Aliyeiweka wa kwanza si lazima awe mwenye picha, ila mara nyingi yuko karibu naye kuliko aliyekutumia.

Halafu hiyo "hisani ya mtandao". Mtandao hauna mikono wala kamera. Kila picha ina mtu aliyeipiga, na kuandika hivyo ni kukiri kwamba hukumtafuta.

Kuna mtu anauza mtandaoni mchoro wa Tingatinga halisi, "umechorwa na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, 1985". Niwajulishe wapenzi wa sanaa? — Iringa mjini

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifariki mwaka 1972. Wajulishe hivyo.

Kuna ukurasa unarusha picha za watoto wa Kiafrika waliounda helikopta, simba na magari kwa chupa za plastiki. Nimesambaza nyingi na watu wanazipenda. Mmoja ananiambia ni akili mnemba. Nitajuaje? — Makambako

Swali hili haliishi kuja, na kila anayelileta ameshasambaza kwanza ndipo akakumbuka kuuliza. Mwenzio kasema kweli.

Ikuze picha mpaka mwisho na uangalie maungio. Chupa halisi haijishikilii hewani. Lazima kuna waya, kamba ya manila, gundi au msumari, na lazima uone shingo ya chupa moja ikiingia kwenye tako la nyingine. Kwenye picha za kubuniwa chupa zimeyeyukiana: moja ina vizibo viwili, nyingine haina shingo, ya tatu imegeuka kuwa goti la mtoto. Hamia kwenye vidole, kisha kwenye maandishi ya fulana na lebo za chupa, ambayo mara nyingi ni herufi zisizosomeka katika lugha yoyote. Ila usiegemee vidole peke yake. Programu zimejifunza kuvichora vizuri, na kipimo hicho kinazidi kuchakaa.

Kipimo kisichochakaa ni maswali ya kawaida tu. Mtoto anaitwa nani? Kijiji gani? Picha ya pili iko wapi, ya nyuma au ya upande? Mtu aliyeunda helikopta hapigwi picha moja. Majirani watajaa, mwenyekiti wa kijiji atataka kusimama mbele, na video itakuwepo ikitikisika.

Linganisha na William Kamkwamba wa kijiji cha Masitala, Kasungu, hapo Malawi, jirani zetu kabisa. Aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akaunda mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, shokomzoba iliyochakaa na dinamo. Mapanga aliyatoa kwenye bomba la plastiki: ulipasue kwa urefu, ulipashe moto lilainike, ulikandamize liwe bapa. Mnara ulikuwa wa miti. Umeona tofauti? Kila kifaa kina jina, kina kazi, na fundi yeyote wa baiskeli anaweza kumkosoa au kumwiga. Magazeti ya Malawi yaliandika habari zake mwaka 2006, na Juni 2007 alisimama jukwaani Arusha akaeleza kwa mdomo wake mwenyewe.

Kurasa za chupa hazijali ubunifu wa Afrika. Zinakusanya wafuasi kwa huruma na fahari yenu, na zikishajaa hubadilishwa jina zikaanza kuuza vitu au kutapeli. Wakati huohuo fundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, aliyetengeneza mashine ya kukoboa kweli anapata watazamaji wanne, wawili wakiwa ndugu zake.

Shikamoo. Ninafundisha sanaa sekondari. Naomba mahali pa kupata picha nzuri za kazi za sanaa za kuchapa na kubandika darasani bila kuvunja sheria. — Mwalimu, Mafinga

Marahaba, mwalimu. Anza na makumbusho yenyewe, uachane na Pinterest. Pinterest ni ubao wa watu kubandika vitu vya wengine, si chanzo.

Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungulia picha zaidi ya 375,000 mwaka 2017 kwa leseni ya CC0. Maana yake unachapa, unakata, unabadilisha, hata ukiuza hawakudai. Fungua metmuseum.org, tafuta neno, kisha kwenye vichujio weka alama kwenye "Open Access". Picha yenye alama ya mshale wa kushuka unaipakua ikiwa kubwa kamili. Taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Marekani ilifuata mwaka 2020 kwa picha na faili milioni 2.8, na Rijksmuseum ya Amsterdam nayo ina hazina kubwa ya bure. Wikimedia Commons ni nzuri pia, ila huko kila picha ina leseni yake, usome. CC BY inakutaka umtaje mwenye kazi. CC BY-SA inakutaka umtaje, na ukiibadilisha kazi yake, yako nayo uitoe kwa masharti yaleyale.

Kwa kazi za hapa nyumbani, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mchoraji aliye hai pale Soko la Wamasai au Soweto si wa kuchapwa bure, hata kama amejiweka mwenyewe Instagram. Muombe. Wengi hukubali kwa ajili ya shule.

Chini ya kila picha utakayobandika andika jina la msanii, jina la kazi, mwaka, mahali ilipo na leseni. Wanafunzi wakizoea mistari hiyo watakuwa mbele ya magazeti kadhaa. Utakapofika sehemu ya Afrika kwenye hizo tovuti utakutana na "msanii hajulikani" mpaka uchoke. Si kwamba vinyago vilijichonga. Waliokusanya hawakuuliza jina. Sisi tuna simu mkononi, mfinyanzi wa Kikisi amekaa mbele yetu pale Matema na vyungu vyake, na bado tunapiga picha ya chungu, tunaandika "Utamaduni wetu", tunaondoka.

Nilipata tangazo zuri Pinterest, nikapiga picha ya skrini, nikabadilisha jina la duka, nikampelekea mchapaji kwa WhatsApp anichapie fleksi ya mita 2. Imetoka ukungu mtupu. Kosa ni la mchapaji? — Mwanjelwa

Kosa lako, na la kwake kidogo.

Picha ya skrini ya simu nyingi ina upana wa pikseli 1080, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Itandaze kwenye mita 2: kila pikseli inakuwa na upana wa karibu milimita 2, mraba unaouona kwa macho ukiwa umesimama kando ya barabara. Juu ya hapo WhatsApp hubana kila picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na herufi ndizo zinazoumia kwanza: pembeni mwake huota vumbi la rangi. Fleksi haihitaji ukali wa kitabu kwa kuwa inatazamwa kwa mbali. Nukta 72 kwa inchi zinatosha, na kwa mita 2 hiyo ni pikseli kama 5,700. Karatasi ya A4 ya kushika mkononi inataka nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508.

Kutuma kwa WhatsApp, bonyeza alama ya kibanio cha karatasi, chagua "Document" na siyo "Gallery", kisha tafuta faili. Likienda hivyo linafika lilivyo. Bora zaidi, nembo na maandishi vichorwe kwa vekta, yaani mistari badala ya pikseli, kwa mfano kwenye Inkscape ambayo ni ya bure, utume PDF au SVG. Vekta unaikuza hadi ukubwa wa ghorofa na haipasuki. Kumbuka pia kwamba bluu na kijani kali za kwenye kioo cha simu hazipo kwenye wino. Zitafifia, hakuna mchapaji atakayekufanyia muujiza. Dai kipande cha majaribio cha upana wa kiganja kabla hujalipa chote. Kosa la mchapaji ni hilo: faili lilipofunguka aliona hali yake, akapokea hela akanyamaza.

Hujauliza, lakini nakuambia: lile tangazo lilikuwa kazi ya mtu. Kubadilisha jina la duka hakukuifanya yako. Ungeangalia mpangilio wake, herufi ngapi, nafasi wazi kiasi gani, rangi mbili au tatu, ukachora lako.

Kikapu hiki cha rangirangi chenye mpini wa ngozi wanasema ni kikapu cha Iringa. Sawa? — Kihesa

Hapana, ni cha Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana. Huo mpini wa ngozi ndio unaokitambulisha. Cha Iringa husukwa kwa milulu, na pale mjini kwako kinauzwa. Ungetoka nje kuliko kuniuliza.

Mimi ni admini wa kundi la watu 200, kazi yangu ni kuwatumia mambo ya ubunifu na teknolojia. Wananilalamikia, wengine wanatoka. — Tukuyu

Video moja ya MB 16 kwa watu 200 ni GB 3.2 za bando la wengine, umeziteketeza kabla hawajaamua kama wanataka kuitazama. Tuma kitu kimoja kwa siku. Tuma kiungo cha ilikotoka na mistari mitatu: ni nini, nani kafanya, kwa nini kinafaa kutazamwa. Ukishindwa kuandika mistari hiyo, basi na wewe hujakielewa, usitume. Na waelekeze wanakundi wazime upakuaji wa kiotomatiki: Mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, waondoe alama kwenye picha, sauti na video.

Nimeona mtu TikTok anauza vipande vya kimondo cha Mbozi, eti kina dhahabu. Nisambaze video ili watu wajihadhari? — Vwawa

Usisambaze. Onyo lako litakatwa njiani na video itaendelea na safari yake, tena ikiwa na namba ya simu ya tapeli. Andika maneno yako mwenyewe: kimondo cha Mbozi ni chuma, karibu asilimia 90, na nikeli asilimia 8 na ushee. Dhahabu ya kuuza hakuna. Kinakadiriwa kuwa na tani 16, kiko palepale Ndolezi, ni mali ya kale iliyohifadhiwa, na hakuna aliyeruhusiwa kukimega auze. Kabla akaunti haijafutwa, nakili kiungo chake, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na tarehe, upeleke polisi.

Nilihifadhi viungo vingi vya makala za usanifu. Nusu sasa havifunguki. Zimepotea? — Njombe

Baadhi hapana. Nenda web.archive.org, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni, bandika kiungo kilekile kilivyokuwa, herufi kwa herufi, na utaona kalenda. Siku zenye duara ndizo nakala zilipochukuliwa. Chagua ya tarehe iliyo karibu na uliposoma. Ukikuta nakala ya mwisho inaonyesha "ukurasa haupo", rudi nyuma mwezi au mwaka. Picha zikikosekana ndani ya nakala, bonyeza nafasi ya picha, unakili anwani yake na uitafute peke yake kwenye kalenda hiyohiyo. Mara nyingine ilihifadhiwa siku tofauti.

Kwa vile utakavyopata kuanzia sasa, kwenye ukurasa uleule kuna kisanduku cha "Save Page Now": bandika kiungo, subiri, uchukue anwani mpya uiweke kando ya ile ya zamani. Haifui dafu kwa kurasa zinazodai uingie kwa nenosiri, kwa hiyo Facebook na Instagram usizitegemee. Huko mtafute mwenye kazi, muulize kama ana tovuti au barua pepe, na uandike jina lake hapohapo.