Joto la inkubeta halilingani? Anza na hewa, balbu baadaye

Swali lilikuwa hili: boksi la kutotoleshea mayai ya kuku lina balbu moja ya wati 100 juu, themostati (kifaa kinachowasha na kuzima balbu kwa kufuata joto) inasoma 37.5°C muda wote, lakini mayai ya upande mmoja yanatotoa siku ya 20, ya upande wa pili yanachelewa hadi siku ya 23 au vifaranga wanafia ndani ya ganda.

Themostati inajua joto la pale ilipo sensa yake, yaani kile kidude cha kuhisi joto, basi. Hewa ya moto hupanda na kutuama juu, kwa hiyo ukiongeza balbu unaunguza mayai yaliyo karibu nayo huku ya pembeni yakibaki na baridi yake. Hewa ndiyo ya kuzungushwa.

Kwa mayai 50 hivi, boksi la plaiwudi la sentimita 60 kwa 50, kimo 45, linatosha. Ndani bandika stairofomu ya sentimita 2.5 kila upande, mlango ukiwemo, na kingo za mlango uzizibe kwa utepe wa sponji. Mlango unaovuja hewa utakusumbua kila siku.

Sasa sehemu yenye kazi. Sentimita 12 kutoka stairofomu ya nyuma, simamisha ukuta wa pili wa bati, ukiacha uwazi wa sentimita 5 juu na 5 chini. Nyuma yake funga balbu mbili za wati 40, zile za kizamani zenye uzi wa waya ndani (za LED hazitoi joto la kutosha), na juu ya balbu hizo laza feni ya kompyuta ya volti 12, milimita 120. Inaenea pale sawasawa. Pale balbu zilipo, funika stairofomu kwa bati ili isiyeyuke. Feni ivute hewa ya juu, iipitishe kwenye balbu, itokee chini ya trei na kupanda katikati ya mayai. Balbu mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikiungua usiku nyingine inashikilia joto kidogo.

Feni izunguke saa zote, isipitie kwenye themostati. Hapa wengi hukosea: wanaunga feni na balbu pamoja, balbu ikizima hewa inatuama tena.

Sensa ining'inie katikati ya trei, kimo cha mayai, mahali isipopigwa na mwanga wa balbu. Kwa themostati aina ya STC-1000 weka 37.7 na tofauti ya 0.3, balbu zitawaka kwenye 37.4 na kuzima kwenye 37.7. Chupa mbili za maji za lita 1.5 chini ya trei, bila kuziba njia ya hewa, husaidia joto lisiruke ukifungua mlango.

Usiweke mayai kabla ya kuwasha saa 24. Linganisha kwanza kipimajoto chako na kile cha kupimia homa, vyote viwili kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 37 au 38. Kisha kitie kwenye kichupa cha maji, maana hewa hubadilika haraka kuliko yai, ukiache saa moja kila kona na katikati. Tofauti ya nusu nyuzi inavumilika. Ikizidi, tazama trei: ikigusa kuta hewa haina pa kupanda. Acha sentimita 2 kila upande. Kona za mbele zikibaki baridi, panua uwazi wa chini wa ule ukuta.

Toboa matundu mawili ya milimita 12 chini na mawili juu. Yasizibwe kamwe, hasa wiki ya tatu, kwa sababu vifaranga ndani ya mayai wanahitaji hewa zaidi na wenyewe wanatoa joto. Feni hukausha, kwa hiyo fuatilia unyevu: asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu 65 hadi 70. Ukitaka kuuongeza tumia sinia pana zaidi, kina cha maji hakisaidii. Mayai yageuzwe mara 3 au 5 kwa siku, uache siku hiyo hiyo ya 18.

Asiye na feni kabisa apime joto usawa wa mgongo wa mayai, alishikilie kwenye 38.5°C, na kila anapogeuza ayahamishe ya pembeni yaje katikati.