Jibu: Lesotho au Italia kwa mara ya kwanza kwenye ubao wa theluji?

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza Desemba umpeleke mkeo Afriski, kituo cha michezo ya theluji kule Lesotho, au Livigno, mji wa milima ya Alpi, Italia, mkajifunze ubao wa theluji, ule wa kusimama juu yake na kuteleza mteremkoni, na nyote hamjawahi kukanyaga theluji. Desemba Lesotho ni kiangazi, utakuta majani matupu. Shika hesabu yetu ya pwani: kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, ndiyo theluji ya Lesotho, kaskazi ikiingia, ni zamu ya Alpi.

Mkiweza kungoja Julai, mimi ningechagua Lesotho bila kusita. Mteremko wake mkuu ni kama kilomita moja tu, watosha kwa mwanafunzi, na kupitia Afrika Kusini Mkenya haombi viza. Ila ni juu ya mita 3,000, basi siku ya kwanza pumzikeni, kifua kizoee.

Livigno ni pazuri mno, hata mashindano ya ubao ya Olimpiki ya 2026 yalifanyika huko, na Kiitaliano cha Malindi kitawafaa. Lakini viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ianzeni mapema sana.

Popote muendako, lipieni mwalimu na mvae kinga za vifundo vya mikono. Mwanafunzi akianguka hutanguliza mikono, na hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika.